AFYA YA FAMILIA: Dalili zafanana na za MS, lakini dawa yake yaweza kudhuru

Mzazi, mtu akipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja ndani ya siku chache, kisha miguu ikafa ganzi, madaktari wengi hufikiria kwanza maltipo sklerosisi, au MS kwa kifupi. Katika ugonjwa huo, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia ganda la mafuta linalofunika nyuzi za neva, mithili ya plastiki inayofunika waya wa umeme.

Lakini MS ina ndugu yake anayeitwa nyuromaielitisi optika, au NMO. Huyu hulenga zaidi neva za macho na uti wa mgongo, na shambulio moja tu linaweza kumwacha mtu kipofu au amepooza. Daktari Mfaransa Eugène Devic aliueleza mwaka 1894, na kwa takriban karne nzima wataalamu wengi waliuona kuwa aina tu ya MS.

Aliyebadilisha mambo ni mtafiti Vanda Lennon, mzaliwa wa Australia aliyekuwa akifanya kazi Mayo Clinic, Marekani. Maabara yake ilikuwa ikipima damu za wagonjwa juu ya vipande vyembamba vya ubongo wa panya. Baadhi ya damu hizo zilionyesha mchoro wa ajabu kando ya mishipa midogo, na wenye damu hizo wakabainika kuwa na NMO.

Mwaka 2004, Lennon na wenzake walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 45 wa NMO wa Amerika Kaskazini, asilimia 73 walikuwa na kingamwili hiyo. Mwaka uliofuata wakaonyesha inachoshambulia: akwaporini-4, mlango wa kupitishia maji kwenye seli zinazozihudumia neva. Kumbe ni ugonjwa mwingine kabisa, na kipimo cha damu kinaweza kuutambua.

Kwa nini jambo hili likuhusu? Kwanza, dawa. Interferoni beta, inayowasaidia wenye MS, inaweza kuongeza mashambulizi kwa mwenye NMO. Jina la ugonjwa likikosewa, tiba yenyewe inadhuru.

Pili, NMO huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia Mashariki kuliko Wazungu. Katika kisiwa cha Martinique, Karibiani, ambako wakazi wengi wana asili ya Afrika, takriban watu 10 kwa kila 100,000 wanao. Wagonjwa wengi ni wanawake, na mara nyingi huanza wakikaribia miaka 40, umri ambao mama bado ana watoto wa kusomesha.

Zijue dalili zake: jicho kuuma na kuona ukungu, miguu kukosa nguvu, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo. Dalili inayowachanganya wengi ni kwikwi au kutapika kusikokoma kwa siku nyingi huku vipimo vya tumbo vikiwa safi. Hutokea ugonjwa unapogusa sehemu ya ubongo inayoongoza kutapika.

Kwa watoto yupo ndugu wa tatu, MOGAD, mwenye kingamwili yake tofauti. Mtoto akilalamika haoni vizuri ghafla, usikimbilie kumnunulia miwani tu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Tiba ipo. Shambulio hutulizwa kwa stiroidi za kwenye mshipa, na wakati mwingine kwa kuondoa plazima yenye kingamwili hizo. Kila siku ya kuchelewa hupunguza nafasi ya kupona vizuri. Baadaye mgonjwa hupewa dawa za kuzuia marudio, kama azathiopirini au rituximabu. Asiziache bila kumwona daktari hata akijisikia mzima, maana ulemavu wa NMO hutokana na mashambulizi yenyewe.

Basi, ndugu yako akiambiwa ana MS, muulize daktari kwa heshima: “Je, amepimwa kingamwili ya akwaporini-4 na ile ya MOG?” Kama hospitali haina vipimo hivyo, uliza sampuli inaweza kupelekwa wapi. Ulizeni kabla dawa ya muda mrefu haijaanza.