Tununue Kazi, Tusinunue Namba: Shauri juu ya Kompyuta za Shule Mkoani Mara

Mwezi Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma na kupitisha uamuzi ambao hadi leo unajulikana kwa jina la Azimio la Musoma. Azimio hilo liliagiza kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate nafasi katika elimu ya msingi, na kwamba elimu ifungamane na kazi. Mwaka huo huo Serikali ilichukua hatua nyingine ambayo haikumbukwi sana: ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini.

Hatua hiyo haikuzuka bure. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilikuwa imefungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 kompyuta zote za nchi zilikuwa saba. Jaribio la kuziweka hesabu za Serikali katika mashine lilileta gharama kubwa na mkanganyiko wa hesabu, na wataalamu wazalendo wa kuzisimamia walikuwa wachache mno. Wako wasomaji watakaoucheka uamuzi huo. Mimi nakubali kwamba mlango ulifungwa kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa. Lakini swali lililokuwa nyuma ya uamuzi lilikuwa swali la haki. Mashine hii itatufanyia kazi gani? Nani ataitunza? Na fedha zake zingeweza kutufanyia jambo gani jingine?

Leo mlango u wazi, na swali hilo limehamia mezani kwa wakuu wa shule na bodi za shule za Musoma, Bunda na Butiama, kila wanapoletewa ankara kifani ya kompyuta za mezani. Maoni yangu ni kwamba haliulizwi vya kutosha. Aghalabu shule hununua namba iliyobandikwa juu ya kasha badala ya kununua kazi. Nitalieleza jambo hili kwa kutumia vifaa viwili ambavyo wanunuzi huvibishania sana, yaani kisoma diski na prosesa.

Kazi iwe ya kwanza

Kabla ya kutazama bei, mwalimu na aandike kazi zitakazofanywa na kompyuta hizo. Kwa shule ya sekondari orodha si ndefu: kuchapa mitihani, kutunza alama katika majedwali, kusoma vitabu vya kiada vilivyowekwa katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kutazama filamu za majaribio ya fizikia na kemia pale ambapo vifaa vya maabara havitoshi, na kujifunza kuandika programu nyepesi. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayohitaji mashine ya bei kubwa. Zinahitaji mashine inayowaka upesi, isiyokwama inapofungua mambo matatu kwa pamoja, na itakayodumu miaka kadhaa katika mahali penye joto, vumbi na umeme unaokatika.

Kisoma diski: kifaa cha manufaa, lakini si kwa kila kasha

Kisoma diski ni ile droo ndogo itokayo mbele ya kasha la kompyuta ili kupokea CD au DVD. Wanafunzi wa fizikia wana sababu ya kukipenda. Ndani yake mna mwanga wa leza unaomulika njia ya mzunguko iliyojaa vishimo vidogo mno. Mwanga unaorudi hubadilika kila unapopita kishimo, na mabadiliko hayo ndiyo habari yenyewe. Katika CD, ambayo iliingia sokoni mwaka 1982, mizunguko ya njia hiyo imeachana kwa sehemu 1.6 za milioni ya mita, na lau njia yote ingenyooshwa ingepita urefu wa kilomita 5. CD husomwa kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780. DVD husomwa kwa nanomita 650, na kwa kuwa wimbi fupi laweza kutambua vishimo vidogo zaidi, ndiyo maana DVD huchukua GB 4.7 pale ambapo CD huchukua MB 700.

Hiyo ni elimu nzuri, lakini elimu ya kifaa si sababu ya kukinunua mara kumi. Tufanye hesabu. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake, iliyofungwa kwa ajili ya kusomwa bila intaneti, inapita GB 90. Ingehitaji DVD zisizopungua 20. Ilhali kipande kimoja cha flashi cha GB 128 huichukua yote na kutiwa mfukoni. Tena kisoma diski kina mota, reli na lenzi. Vumbi la kiangazi cha Bunda likiingia katika lenzi hiyo, kazi imekwisha. Na wakazi wa Musoma wanawafahamu wale wadudu wa ziwani waonekanao kwa mbali kama nguzo za moshi juu ya maji. Usiku huifuata taa, na dirisha likiwa wazi huingia hadi ndani ya makasha.

Hata hivyo nisingependa kusema kwamba diski haina maana tena. Zipo shule ambazo kabati zao zina CD za masomo na programu zilizotolewa miaka iliyopita. Vilevile diski iliyokwisha kuandikwa na kufungwa haiwezi kuambukizwa virusi ikizungushwa katika kompyuta ya mtu mwingine, na flashi haina kinga hiyo. Kwa sababu hizo shule inunue kisoma diski kimoja cha nje, kile kinachochomekwa kwa waya wa USB, kitunzwe ofisini ndani ya mfuko, na diski zote za zamani zinakiliwe katika kompyuta moja kabla hazijaharibika. Kisoma diski kimoja kinatosha shule nzima.

Prosesa: makasia ya mtumbwi

Prosesa ndiyo sehemu ifanyayo hesabu zote za kompyuta. Muuzaji hupenda kutaja namba moja tu, yaani gigahezi, ambayo ni idadi ya mapigo yake kwa sekunde, yakihesabiwa kwa mabilioni. Prosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na mapigo yapatayo 740,000 kwa sekunde. Za leo hupita bilioni 3. Mnunuzi akisikia hivyo hudhani kwamba namba kubwa ndiyo kasi kubwa.

Ndugu mwanafunzi, uwafikirie wavuvi wanaopiga kasia kutoka Musoma kuelekea visiwani. Mwendo wa mtumbwi hautokani na wingi wa mapigo ya kasia peke yake. Hutegemea pia kila pigo linausogeza mtumbwi umbali gani, na wapiga kasia ni wangapi. Prosesa nayo ni hivyo. Gigahezi ni wingi wa mapigo. Ubora wa muundo ndio umbali wa kila pigo. Na idadi ya viini vyake ni wapiga kasia. Ndiyo maana Pentium 4 ya mwaka 2004 yenye gigahezi 3.8 huachwa mbali na prosesa nyingi za leo zenye gigahezi chache kuliko hizo. Mfano huu una mpaka wake: wapiga kasia wote husukuma mtumbwi mmoja, bali kazi nyingine za kompyuta hazigawanyiki, kwa hiyo viini vinane havileti mara mbili ya kazi ya viini vinne kila siku.

Jina nalo hudanganya. Katika maduka ya kompyuta za mtumba utaona kibandiko cha i7 kikiuzwa kwa majivuno, na cha i3 kikidharauliwa. Lakini Intel i7-2600 ni ya mwaka 2011, na i3-8100 ni ya mwaka 2017. Zote mbili zina viini vinne. Kwa kazi nyingi za kawaida ile i3 hutangulia, na kiwango cha joto alichotaja mtengenezaji ni wati 65, kikilinganishwa na wati 95 za ile i7. Umri wa prosesa umeelezwa na tarakimu zinazofuata kistari, wala si jina lililotangulia.

Umri huo una jambo zito zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache za kabla yake. Kwa hiyo shule inunuayo ile i7 ya mwaka 2011 inanunua mashine ambayo tayari imeachwa nje. Inaweza kuokolewa kwa kuwekewa mfumo wa Linux, ambao hautozi ada ya leseni, lakini uamuzi huo ufanywe kwa kujua, na awepo mwalimu aliyekwisha kujifunza mfumo huo.

Mahali pa kuweka fedha

Fedha zitakazookolewa katika vifaa hivi viwili ziende wapi? Kwanza ziende katika kumbukumbu ya RAM, isipungue GB 8. Pili ziende katika diski ya SSD, ambayo haina sahani izungukayo wala mkono wa kusomea, na ambayo huifanya kompyuta ya zamani kuwaka kama mpya. Tatu ziende katika UPS. Kompyuta ya mezani haina betri yake; umeme ukikatika wakati mwalimu anaingiza alama za kidato kizima, prosesa ya bei yoyote ile haitaziokoa.

Umeme wenyewe nao ni fedha. Tuseme kompyuta kumi zinatumia wati 150 kila moja kwa saa 4 kwa siku. Hizo ni uniti 6 za umeme. Zikitumia wati 60 kila moja ni uniti 2.4. Kwa siku 20 za masomo katika mwezi tofauti ni uniti 72. Kwa shule inayotegemea mitambo ya jua, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama somo litaendelea alasiri au litaahirishwa.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Tuchukue mfano wa shule iliyopanga kununua kompyuta kumi. Ikiacha visoma diski kumi na prosesa za fahari, ikapunguza sehemu moja kwa kumi ya bei ya kila kompyuta, itapata kompyuta ya kumi na moja kwa fedha zile zile. Katika darasa la wanafunzi 44, kompyuta kumi na moja maana yake ni wanafunzi wanne kwa kila mashine. Zikiwa kumi, baadhi ya mashine zitakuwa na watano. Kila mwalimu anamjua huyo wa tano. Husimama nyuma, huchungulia juu ya bega la mwenziwe, na kipindi huisha hajagusa kibonyezo hata kimoja.

Pingamizi moja

Nimewahi kujibiwa kwamba kununua kilicho cha kiasi ni kuwadharau watoto wa mikoani, na kwamba wao nao wanastahili kilicho bora. Nakubali kwamba wanastahili. Lakini kilicho bora kwa mwanafunzi ni kile anachokigusa. Mashine ya gharama iliyofungiwa ofisini ili isiharibike haimfundishi mtu. Zaidi ya hayo, Musoma iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Mwanza, na kifaa kigeni kikiharibika, gharama ya kukisafirisha kwa fundi na majuma ya kukingoja ni sehemu ya bei yake, ingawa haikuandikwa katika ankara. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, nao walikuwa na haki. Ila upishi huvunjwa pia na mpishi anayemaliza fedha zote kwa kununua sufuria, akasahau unga.

Kwa hiyo natoa shauri hili kwa walimu wenzangu. Kabla ya kulipa, dai jina kamili la prosesa pamoja na tarakimu zake zote. Uliza RAM ni kiasi gani na diski ni ya aina gani. Iwashwe mbele yako, ifunguliwe kasha, na dhamana iandikwe katika karatasi. Na kazi hii wapewe wanafunzi pia: walete ankara tatu darasani, wazilinganishe, wapige hesabu ya umeme, kisha waiandikie bodi ya shule mapendekezo yao. Hilo litakuwa somo la fizikia, la hesabu na la uraia kwa wakati mmoja.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa na kuzikwa Butiama, alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Kuchagua ni kuacha kitu kimoja ili kupata kingine, na anayenunua bila kujua ameacha nini hajachagua bado. Bodi ya shule ikiletewa ankara safari ijayo, mjumbe mmoja na aulize swali la mwaka 1974: mashine hii itatufanyia kazi gani? Tofauti ni kwamba safari hii tunaweza kulijibu bila kuufunga mlango.