Fundi wa mnarani na hatari asiyoiona

Asubuhi moja nilipokuwa nikitoka Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, kwenda kufundisha, nilimwona kijana akining'inia kwenye mnara wa simu uliosimikwa juu ya paa, upande wa Barabara ya Digo. Mkanda alikuwa nao, na kofia pia. Wanafunzi waliokuwa njiani walimshangilia. Mimi nilijiuliza: je, kijana yule ana bima gani?

Hatari ya kuanguka yajulikana na wote. Iliyofichika ni ile ya mawimbi ya redio yatokayo kwenye antena. Nisieleweke vibaya: mawimbi hayo si sawa na eksirei, na mpita njia hupata kiasi kidogo mno. Lakini fundi asimamaye karibu kabisa na antena inayofanya kazi aweza kupata joto la kudhuru mwili. Ndiyo maana mtambo hutakiwa kuzimwa au kupunguzwa nguvu kabla ya kukaribiwa. Kuhusu saratani, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema mwaka 2011 kwamba huenda mawimbi hayo yakaisababisha, ila ushahidi ulikuwa haba.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima. Ulemavu kamili wa kudumu hufidiwa kwa kipimo cha mapato ya miezi 96. Hata mwanagenzi amo katika sheria hiyo, na wanafunzi wetu wa ufundi yafaa walijue hilo.

Tatizo ni ushahidi. Aliyeanguka huonwa na mtaa mzima. Aliyedhuriwa na mawimbi atamwita nani shahidi? Isitoshe, baadhi ya mikataba ya bima ulimwenguni huyatenga waziwazi madhara ya mawimbi ya sumakuumeme.

Kwa maoni yangu, kila fundi awekewe daftari: alipanda lini, kwa muda gani, na nani alizima mtambo. Mkataba wa bima nao utaje madhara hayo bila kuficha, hata kama mwajiri ni mwanakandarasi mdogo. Nasi walimu, tunapofundisha mawimbi darasani, tuwafunze vijana pia kuusoma mkataba kabla ya kupanda ngazi. Tahadhari kabla ya hatari.