Watu Wengi, Kazi Chache

Anayedhani milima ya Upare ina watu wachache hajapanda Mamba. Huku juu, wilayani Same, nyumba zimefuatana mteremko mzima na tangawizi imepandwa hadi kwenye makorongo. Tambarare ya chini ni kame, kwa hiyo watu wamejazana penye mvua. Shamba la babu limegawiwa wana, kisha wajukuu. Jembe ni lilelile, ardhi inapungua.

Mbona basi wachumi wanasema watu wakisogeleana ujira hupanda?

Tuanzie hapo. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Marshall aliandika kwamba mafundi wa kazi moja wakikaa pamoja, ujuzi huenea na vifaa hupatikana jirani. Tafiti za baadaye, nyingi za nchi tajiri, zimekadiria kuwa ukubwa wa mji ukiongezeka maradufu, tija hupanda kwa asilimia 3 hadi 8. Kariakoo, jijini Dar es Salaam, panaonekana namna inavyokuwa: simu ikipasuka kioo, fundi humtuma kijana duka la pili, na kioo kinafika mteja akiwa bado kwenye benchi. Fundi wa Mamba husubiri basi.

Kinacholipa, basi, ni wingi wa kazi zinazotegemeana. Wingi wa vichwa peke yake haulipi. Wapare walilijua hilo zamani: wafua chuma wa ukoo wa Washana, kule Ugweno, walifanya kazi pamoja na chuma chao kikauzwa hadi Uchagani.

Dar es Salaam nayo si pepo. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 5,383,728, na ripoti ya Benki ya Dunia ya 2017 ilikuta gharama katika miji ya Afrika zikiwa juu kwa takriban asilimia 29 kuliko katika miji ya nchi nyingine zenye kipato kinacholingana. Nyongeza anayoipata kijana wa Mamba huko mjini huishia kwa mwenye nyumba na kwenye daladala.

Ndiyo maana kiwanda cha tangawizi cha Mamba Miamba, kilichoanzishwa na ushirika wa wakulima, si jambo dogo. Tangawizi ikiteremshwa mbichi, kazi ya kukata, kukausha, kusaga na kufungasha huteremka nayo. Wanaopanga bajeti ya Same waanze na umeme usiokatika na barabara inayopitika masika, kabla ya kuwalaumu vijana kwa kukimbilia Kariakoo.