Mgeni Aliye Peke Yake Si Mshukiwa



Katika Kiswahili yapo maneno mawili ambayo mitaa yetu imeanza kuyachanganya: mgeni na mshukiwa. Mgeni hutokana na kivumishi -geni, nalo hueleza hali ya mtu kuwa mahali ambapo bado hajazoeleka. Mshukiwa hutokana na kitenzi shuku katika kauli ya kutendwa. Halielezi alichokifanya mtu, bali alichofanyiwa na wengine. Kwa hiyo mtaa unapomwita mgeni mshukiwa, swali la kwanza haliwi "amefanya nini?" bali "ni nani aliyemshuku, na kwa ushahidi gani?" Makala hii inaipinga desturi hiyo, nami sifichi upande niliosimama.

Likizo iliyopita, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili kutoka Kigoma alivuka mpaka wa Manyovu na Mugina, akapita Nyanza-Lac, akafika Rumonge. Alikusudia kukaa juma moja akisikiliza jinsi Kiswahili chetu kinavyosemwa sokoni na ufuoni. Hakutaka hoteli. Alipanga chumba kwa mama mmoja mzee, katika mtaa mtulivu wenye michikichi nyuma ya nyumba. Siku ile ile mama mwenye nyumba alimwandika katika daftari la kaya, kisha akamfikisha kwa nyumba kumi, naye mgeni akaonyesha pasipoti yake. Kila kitu kilikuwa sawa.

Hata hivyo, siku ya tatu maneno yalikwisha kuenea. Dada huyu amekuja na nani? Mumewe yuko wapi? Mbona anaandika kila anachokisikia? Siku ya nne mama mwenye nyumba, macho yakiwa chini, alimwomba ahamie kwingine. Hakuna aliyemshitaki kwa kosa lolote. Aliondolewa kwa sababu alikuwa mwanamke, na alikuwa peke yake.

Majirani wale si watu wabaya, na hoja zao nazijua. Ya kwanza husema: "Mtu mwema hulala hotelini, anayekuja mtaani anajificha." Hoja hii imesimama kichwa chini, miguu juu. Hotelini mgeni hujulikana kwa namba ya chumba. Mtaani hujulikana kwa jina lake, kwa saa yake ya kuamka, hata kwa kikohozi chake. Anayetaka kujificha hachagui nyumba ambayo ukuta wake mmoja ni wa jirani, wala haendi kwa nyumba kumi akiwa na pasipoti mkononi.

Hoja ya pili husema kwamba mtu mzima asafiriye bila mwenzi ana jambo. Basi tazameni ufuo wetu. Wavuvi wa ndagala hutoka Kongo, hutoka Kigoma, hutoka tarafa nyingine za Burundi. Wengi huja bila familia, hupanga vyumba katika mitaa hii hii, hukaa miezi. Ni nani amewahi kumwuliza mmoja wao, "Mkeo yuko wapi?" Ikiwa upweke wa mwanamume ni kazi na upweke wa mwanamke ni kosa, basi tunachokilinda si usalama. Tunalinda mazoea, na tumeyavisha sare ya usalama.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami sitaipuuza. Nchi yetu imeona vita vilivyoanza mwaka 1993 na mgogoro wa mwaka 2015. Mtu aliyeona hayo ana haki ya kutaka kujua ni nani analala nyumba ya pili. Lakini kujua kuna njia yake, na njia hiyo ndiyo daftari la kaya, ambamo huandikwa wakazi na wageni wa nyumba. Wako wanaolilalamikia daftari hilo kwa kuwa limetumika pia katika misako, na malalamiko yao yana uzito. Ila maadamu lipo, na litufae kwa haki: mgeni akishaandikwa, mahojiano yameisha. Daftari lisilomlinda aliyeandikwa limebaki kuwa kamba ya kumfunga. Na jirani mwenye shaka ya kweli huipeleka shaka hiyo kwa kiongozi wa mtaa, mchana, kwa jina lake mwenyewe. Haipeleki kisimani ikachotwe pamoja na maji.

Sheria nayo haiko upande wa uvumi. Katiba yetu ya mwaka 2018 inalinda maisha ya faragha na makazi ya mtu dhidi ya kuingiliwa kiholela. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara yake ya 7 inawapa raia wa nchi wanachama haki ya kuingia bila viza, kutembea na kukaa katika nchi mwenza. Haki hiyo ina mipaka kwa ajili ya usalama na afya ya umma, lakini mipaka hiyo huwekwa na dola kwa utaratibu. Haiwekwi na kikao cha barazani.

Zaidi ya sheria, liko deni. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia huku kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac, tarehe 29 Aprili, na mauaji yaliyofuata yaliwafanya watu wengi kukimbilia Tanzania. Walipokelewa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Miongo kadhaa baadaye Tanzania iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 miongoni mwao na wazao wao. Wengine walirudi, na katika mitaa yetu wamo wazee waliojifunza Kiswahili wakiwa wageni kwa watu. Sisi tuliolala katika nyumba za wengine tumemfukuza mwalimu wa Kigoma siku ya nne! Na maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 yakawatoa watu katika nyumba za ufuoni, je, tuliwauliza kwanza wamekuja na nani? Ugeni si kabila la watu fulani. Ni zamu, na kila mmoja huifikia yake.

Sasa namgeukia msafiri, maana haki isiyo na wajibu haikai. Ukipanga chumba katika mtaa mtulivu, usidhani kwamba umenunua utulivu wake. Utulivu huo umetengenezwa na wengine. Rumonge mchana ni kimya kwa sababu wavuvi wamekesha majini na taa zao, nao sasa wamelala. Anayefungulia muziki saa nane mchana kwa kuwa "nimelipa" anaiba usingizi wa kazi. Salimia kabla hujaulizwa. Jiandikishe siku ya kwanza. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au nyumba yake. Ukichelewa kurudi, mwarifu mama mwenye nyumba, maana ndiye atakayeulizwa juu yako.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi methali hii hutumiwa kama ufagio wa kumfagilia mgeni nje. Isomeni tena kwa makini. Haikusema siku ya tatu mwonyeshe njia. Imesema mpe jembe, yaani mwingize katika kazi ya nyumba, ahesabiwe miongoni mwa wenyeji. Mwalimu yule, siku ya tatu, alistahili jembe. Tulimpa mgongo.

Nanyi mnaojifunza lugha hii, siku moja mtapanga chumba peke yenu katika mtaa msioujua, au mtamwona mtu akipanga chumba jirani nanyi. Ukiwa mgeni, anza kwa salamu. Ukiwa mwenyeji, hakikisha salamu hiyo imeitikiwa kabla hujauliza swali lolote jingine.