SIKU YA HOSPITALI SI SIKU YA UVIVU

Ndugu Wanachama,

Sisi tuandikao haya ni wazazi wenye watoto wagonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Daktari ameagiza watoto wetu waongezewe damu kila wiki nne ili wasipigwe na kiharusi. Siku hiyo twafika hospitali alfajiri na kupanga foleni. Mtoto hupimwa kwanza, damu yake ilinganishwe na ile atakayopewa. Kisha mfuko hutundikwa, na damu hushuka tone kwa tone kwa muda wa saa mbili hadi nne. Nesi hawezi kuiharakisha, maana ikiingia upesi yaweza kumdhuru mtoto. Ikiisha, jua limekwisha kupinduka, na siku ya kazi imepotea.

Kesho yake nyapara auliza: "Jana ulikuwa wapi?" Mmoja wetu alijibu kweli, akakatwa mshahara wa siku ile. Mwezi uliofuata alisema ni yeye aliyeumwa na tumbo. Hatuusifu uwongo, lakini twauliza ni nani aliyemfundisha.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili ruhusa ya ugonjwa: siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Lakini hiyo ni ya mfanya kazi aliye mgonjwa mwenyewe. Mwenye mtoto mgonjwa hula livu yake. Kwa sheria hiyo livu haipungui siku 21. Toa safari 13 za hospitali, zabaki 8, nazo huliwa mtoto ashikwapo na maumivu ya ghafula usiku.

Matajiri husema hawawezi kupanga kazi kwa kufuata magonjwa. Kwa homa ya ghafula wana neno. Lakini ugonjwa huu una kalenda! Tarehe ya kurudi imeandikwa katika kadi wiki nne kabla. Mashine ikitaka matengenezo, siku hupangwa na zamu hubadilishwa. Mtoto naye apangiwe vivyo hivyo.

Kwa hiyo twaiomba kamati, mapatano yatakapojadiliwa tena, idai siku 13 za hospitali kwa mshahara kamili, kwa mzazi aonyeshaye kadi, baba au mama. Twataja baba kwa kuwa ugonjwa huu mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Mama asiachiwe mzigo peke yake, wala asilaumiwe.

Nanyi wanachama, damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka katika mkono wa mtu mwenye afya, wala haikai akibani zaidi ya wiki chache. Tumewahi kupanga foleni tangu alfajiri tukaambiwa hakuna mfuko. Nendeni mkatoe. Mtoto wa mwanachama ni mtoto wa chama.

Ni sisi wenzenu,
Wazazi wa Tawi