Trauti wa Nyandarua na Maji ya Garissa

Huenda msomaji wa Garissa akashangaa nikimtajia trauti, samaki wa maji baridi aliyeletwa nchini kutoka Uskoti mnamo 1905, akatiwa katika mto Gura, Nyandarua. Mvuvi wake hutumia ndoano iliyovishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Asubuhi ya baridi kali samaki huyo hulala chini, mzito wa kusogea. Hapo chambo cha kuelea hakifai kitu, sharti kizamishwe na kuvutwa polepole. Jioni, vidudu vinaporuka, ndipo cha kuelea hupata kazi. (Kiswahili, nakiri, hakijavipa vyambo hivi majina, sisi wanaisimu tumelala.)

Lakini Gura humwaga maji yake katika Tana, mto uu huu upitao Garissa, ambako kambare huvuliwa kwa minyoo. Trauti hastahimili maji yaliyopata joto na tope. Msitu wa Nyandarua ukifyekwa, yeye hutangulia kutoweka, na tope hilohilo huteremka hadi kulijaza bwawa la Masinga. Kwa hiyo watu wa Garissa wadai kiti katika kila kikao kinachoamua hatima ya msitu huo, wala wasingoje mafuriko mengine kama ya 2024.