Nyumba na Matumizi: Pikapu Kubwa na Karatasi ya Mlangoni



Bibi mmoja msomaji wetu aliyeko Columbus, katika jimbo la Ohio huko Marekani, ametuletea barua ya kurasa tatu. Muhtasari wake ni kwamba mumewe ameazimia kununua pikapu kubwa ya milango minne, katika zile ambazo Wamarekani huziita za nusu tani, nao wana watoto wanne na nyumba yenye gereji. Bwana asema kwamba gari moja la namna hiyo litatosha kwa mambo yote: kazi, shule, sokoni na safari za mbali. Bibi ataka kusikia ukweli kwa mtu aliyekaa nalo, si kwa muuzaji. Ameuliza mahali pake, kwani sisi tu katika mji uo huo, na pikapu ya namna hiyo tumekuwa nayo tangu mwaka 2019. Basi mwezi huu tumeyaweka kando yale tuliyoyatayarisha juu ya kuhifadhi nyama (yatakuja katika toleo lijalo, in-shaa-Allah) na tutamjibu yeye pamoja na wengine walio katika njia hiyo hiyo.

Jina la kampuni iliyotengeneza gari letu hatutalitaja. Mengi tuliyoyaona kwetu yaweza kumpata mwenye gari la kampuni nyingine yoyote.

Tuanze na ukubwa, kwani ndio unaomvutia mnunuzi. Jamaa zetu walioko Mombasa, Tanga na Unguja wakisikia pikapu huiwazia Toyota Hilux, ambayo ya milango minne ina urefu wa kiasi cha mita 5 na sentimita 30. Pikapu ya Kimarekani ya milango minne, mathalan Ford F-150, hukaribia mita 5 na sentimita 90, na upana wake bila ya vioo vya pembeni hupita mita 2. Nafasi ya kuegesha gari katika maduka ya Marekani aghalabu ni mita 5 na nusu. Maana yake ni kwamba ukiisha kuliegesha, pua au mkia utabaki njiani, na kila apitaye atakutazama. Hilux yenyewe haiuzwi Marekani, na sababu moja ni kichekesho: nchi za Ulaya zilipotoza ushuru mkubwa juu ya kuku wa Kimarekani, Rais Lyndon Johnson alilipiza kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 juu ya magari madogo ya mizigo yatokayo nje. Ushuru huo ulianza mwaka 1964. Ugomvi wa kuku umekwisha zamani, ushuru ungalipo.

Sasa mtu atadhani kwamba gari lililo kubwa kuliko Hilux litabeba zaidi ya Hilux. Hapa ndipo tulipokosea sisi, na kosa hilo nusura litutie katika msiba.

Ilikuwa mwaka 2021, jamaa mmoja wa jirani alipohamia Louisville, katika jimbo la Kentucky, ambako amepata kazi. Tulijitolea kumhamisha. Tulikodi tela la kufunikwa, tukalijaza vyombo, na vizito tukavitanguliza mbele kama tulivyoelekezwa na waliotukodisha. Kwa kukadiria, tela na vyombo vyake lilikuwa kilo 1,600. Na sisi tulipoinunua pikapu tuliambiwa kwamba yavuta zaidi ya tani nne! Kwa hiyo hatukuwa na shaka hata kidogo. Tulipanda watu watano, wote wazima.

Mpaka Cincinnati mambo yalikuwa mema, ingawa usiku ulipoanza kuingia tuliona madereva wanaotukabili wakituwashia taa kwa hasira, tusijue kwa nini. Tulipovuka mto na kuingia Kentucky, lori kubwa likatupita kwa kasi. Upepo wake ukatusukuma, na tulipogeuza usukani ili kurudi katika mstari wetu, usukani ulikuwa mwepesi mkononi kana kwamba magurudumu ya mbele hayakanyagi lami. Gari lilichelewa kuitika, kisha likaitika kupita kiasi. Nyuma yetu tela likaanza kutikisika. Hakuna aliyesema neno ndani ya gari ila mama wa yule jamaa, ambaye alikuwa akisoma Ayatul Kursiyy kwa sauti. Tuliachia mafuta taratibu bila ya kukanyaga breki kwa nguvu, na Mwenyezi Mungu akatusalimisha mpaka kituo cha petroli kilichokuwa karibu.

Pale palikuwa na mzee mmoja wa Kimarekani, mfugaji, ana tela lake la ng'ombe. Alilitazama gari letu lilivyokaa, mkia umelala na pua imeinuka (ndiyo sababu taa zetu zilikuwa zikiwapiga watu machoni), akatuuliza swali moja: "Mmesoma karatasi ya mlangoni?" Hatukujua kwamba ipo. Akaufungua mlango wa dereva, akatuonyesha katika nguzo yake karatasi ndogo iliyogandishwa, ambayo tulikuwa tumepita mbele yake kila siku kwa miaka miwili. Imeandikwa kwamba jumla ya uzito wa watu na mizigo kamwe isizidi kilo 608.

Kilo 608! Mzee yule alitoa kalamu, akatufanyia hesabu juu ya kipande cha boksi. Watu watano, kilo 390. Kifuniko cha bodi ya nyuma na sanduku la vifaa, ambavyo tuliviongeza wenyewe baada ya kununua, kilo 60. Kisha akauliza uzito wa tela. Tela halivutwi tu, alisema. Sehemu yake yalikalia gari pale linapofungwa, nayo inatakiwa iwe baina ya asilimia 10 na 15 ya uzito wake wote, la sivyo litayumba. Asilimia 12 ya kilo 1,600 ni kilo 192. Jumla ikawa 642. Tulikuwa tumezidisha kipimo, na katika bodi ya nyuma, ile iliyotufanya tununue pikapu badala ya gari jingine, hamkuwa na hata gunia moja la mchele.

Wawili katika sisi waliteremka wakachukuliwa na gari la rafiki aliyekuwa akitufuata. Pua ya gari ikashuka kidogo, na tukafika Louisville salama, kwa mwendo wa pole.

Tangu siku hiyo tumefungua milango ya pikapu za watu wengi, kwa idhini yao, na tumeona jambo ambalo bibi huyu sharti alijue. Magari mawili ya jina moja, kampuni moja na mwaka mmoja, huweza kupitana kwa kilo 200 na zaidi katika karatasi hiyo. Na aghalabu linalobeba kidogo ni lile la ghali. Sababu si ngumu. Uzito ambao gari laruhusiwa kufikia pamoja na mizigo yake yote una mpaka. Kila kiti cha ngozi chenye mota, kila dirisha la paa, kila gurudumu kubwa la kung'aa, hula sehemu katika mpaka huo kabla mwenye gari hajaweka kitu. Hilux, kwa udogo wake, imeundwa kwa kazi, na katika nchi nyingi huruhusiwa kubeba karibu tani moja. Gari ambalo kwa urembo wake hupita dola 70,000 bila taabu laweza kuwa na haki ya kubeba nusu tani na ushei tu. Na ile tani nne ya kuvuta waliyotutajia? Yawezekana, kwa gari lililo tupu na dereva peke yake ndani.

Lipo jambo la pili, nalo ni zito zaidi, kwa kuwa la kwanza lilihusu vyombo na watu wazima waliojiendea wenyewe.

Asubuhi moja ya mwaka 2022 tuliwasha gari uani, limeelekea barabarani. Tulitazama mbele, tukatazama vioo, hapakuwa na mtu. Tulipokuwa tunaondoa mguu katika breki, mke wetu alipiga ukelele mlangoni. Tukasimama papo hapo. Kutoka mbele ya boneti akatokea binti wa jirani, mwenye umri wa miaka mitatu, amekumbatia mpira wake. Alikuwa amesimama pale muda wote. Hatukumwona, wala tusingemwona.

Kamera ya nyuma gari letu linayo, na katika Marekani kila gari jipya la kadiri hiyo limelazimishwa kuwa nayo tangu Mei 2018. Ya mbele halina. Siku hiyo hatukwenda kazini. Tulichukua fimbo ya ufagio, tukaifunga utepe mwekundu katika kimo cha sentimita 95, ndicho kimo cha mtoto yule, tukaisimamisha mbele ya gari na kuikata pale penye utepe. Mmoja akakaa kitini, mmoja akaisogeza. Mpaka ilipofika hatua mbili mbele ya boneti ndipo ncha yake ilipoonekana. Kisha tukaweka kandambili chini. Huo tuliuona kwa hatua nane! Boneti ya pikapu hizi humfikia mtu mzima kifuani, nayo hukaa bapa kama meza, kwa hiyo kila kilicho chini yake mbele hufichika. Taasisi ya bima inayochunguza usalama wa barabarani huko Marekani, iitwayo IIHS, ilieleza mwaka 2023 kwamba magari ambayo boneti yake imepita kimo cha inchi 40, yaani kiasi cha mita moja, yakimgonga mtu aendaye kwa miguu huwa na uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kumwua, yakilinganishwa na yale ya boneti fupi yenye kuteremka.

Mambo yaliyobaki hayataki maneno mengi. Petroli: safari ya barabara kuu bila mzigo, gari letu latumia kiasi cha lita 12 kwa kilomita 100, likivuta tela, karibu mara mbili ya hizo. Matairi manne yalitugharimu zaidi ya dola 1,100. Lilipofika maili 71,000, na dhamana ya injini ilikwisha katika maili 60,000, lilianza kugongagonga asubuhi za baridi, tukalipa dola 2,800. Na asitegemee mtu jina la kampuni. Mwezi wa Mei 2024, Toyota, ambayo sote twaisifu, iliyaita magari kiasi cha 100,000 ya Tundra na Lexus LX kwa sababu ya machicha ya chuma yaliyosalia ndani ya injini. Na Aprili 2025 General Motors ikayaita kiasi cha 600,000 huko Marekani, pikapu na magari mengine makubwa, kwa injini zake za lita 6.2. Anayenunua gari lililotumika na aitazame namba ya chesisi katika daftari la serikali ya Marekani linaloshughulikia usalama wa barabara, ni bure.

Wema wake pia tuuseme, tusije tukawa madhalimu. Kwa safari ndefu hatujapata kukaa katika gari la raha kama hili. Katika theluji limetufikisha msikitini siku ambazo wenye magari madogo hawakuthubutu kutoka. Na futari ya watu 200 limeibeba mara nyingi. (Ila ajue bwana huyo kwamba mwenye pikapu hana Jumamosi, kila anayehama mjini humo ni rafiki yake.)

Sasa, bibi yetu, turudi kwako. Nyinyi ni watu sita. Pikapu nyingi za mapambo zina viti viwili mbele na sanduku baina yao, kwa hiyo jumla ni watu watano. Mumeo akitaka hii, basi aitafute yenye kiti kirefu mbele, ambayo kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu na ndiyo ibebayo zaidi. Hata hapo mtoto mmoja atakaa mbele, na madaktari wa watoto huko hushauri kwamba aliye chini ya miaka 13 akae nyuma. Ikiwa hakuna katika wanenu aliyefikia umri huo, basi gari moja halitatosha, na yafaa mlijue hilo kabla ya kutia sahihi. Wapelekeni watoto na viti vyao dukani, mvifunge vitatu kwa safu nyuma, mfunge milango, muone.

Kisha mwombe mumeo aufungue mlango wa dereva, aisome ile karatasi, atoe uzito wenu nyote sita, aone kilichobaki. Uchukueni urefu wa gereji pia, kutoka ukutani mpaka mlangoni, kwani kuna gereji za mita 6, na gari la mita 5 na sentimita 90 likiingia humo mlango utafungwa lakini hapatakuwa na njia ya kupita mtu.

Umeuliza mwisho kama twakusudia kuliuza letu. Bado tunalo. Kifuniko cha nyuma tulikwisha kukiondoa, na ile fimbo ya utepe mwekundu tumeitundika gerejini kwenye mlango. Mkipenda kuiazima siku ya kwenda kulijaribu gari, karibuni nyumbani.

Wassalaam.